Kabla ya Kununua Antivirusi

Katika maduka mengi ya kompyuta zilizotumika, iwe Dar es Salaam au Nairobi, mnunuzi hukabidhiwa laptopu iliyo tayari kwa kazi. Windows imeshawekwa, programu za ofisi zimo, na zote zimefunguliwa kwa kraki, yaani programu haramu za kukwepa leseni. Asichoambiwa ni kwamba kraki nyingi hazikubali kuingia mpaka kinga ya kompyuta izimwe. Fundi huizima, akamaliza kazi yake, na mara nyingi hairudishi. Baada ya wiki chache mteja hurudi akilalamika kuwa mashine imekuwa nzito, naye hushauriwa anunue antivirusi.

Ushauri huo umeanzia mwisho.

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta ya Windows huja na antivirusi yake, ambayo leo huitwa Microsoft Defender. Haidai malipo wala leseni yake haina kikomo cha muda. Maabara huru zinazopima programu hizi, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, kwa miaka kadhaa zimekuwa zikiipa alama zinazokaribiana na za programu za kulipia. Kwa familia inayotumia kompyuta kuandika barua, kusoma na kufanya miamala ya benki, jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa kinga hiyo iliyomo inafanya kazi. Iwapo ilizimwa kwa ajili ya kraki, kuongeza antivirusi nyingine juu ya kraki hiyo ni kupoteza fedha. Kompyuta isafishwe, kisha iwekwe upya Windows iliyo halali.

Jambo la pili ni masasisho. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kuenea, na kwa siku chache kikavamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kila mashine iliyonaswa ilionyesha dai la dola 300 kwa bitcoin ili mafaili yafunguliwe. Cha kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba ufa ambao kirusi hicho kilipitia tangu 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa hawajalipokea.

Masasisho hula bando, na bando ni pesa. Ndiyo maana wengi huyaahirisha. Lakini Microsoft hutoa fungu kubwa la masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Anayebana matumizi anaweza kuipeleka laptopu penye Wi-Fi ya ofisi au chuo mara moja kwa mwezi, baada ya siku hiyo, akaiacha ijipakulie. Mwenye Windows 10 ana la ziada la kufikiria, kwa kuwa masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025. Ama ajiandikishe kwenye mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, ama ahamie Windows 11 kama mashine yake inaiweza. Antivirusi ya bei yoyote haiwezi kuziba nyufa za Windows yenyewe.

Wapo wanaohitaji zaidi: mzazi anayetaka kudhibiti tovuti za watoto, au mwenye duka aliyeweka hesabu zote ndani ya kompyuta moja. Hapo ndipo uchaguzi wa chapa unapoanza, na bei isiwe kigezo cha kwanza. Antivirusi hukagua kila faili, na nyingi huona kila tovuti inayofunguliwa. Ni mlinzi aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote, na mwenye nyumba ana haki ya kujua mlinzi huyo anamtumikia nani. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5. Programu za Avast, ambazo watu walizipakua ili wajilinde, zilikuwa zimekusanya kumbukumbu za tovuti walizotembelea, nayo kampuni yake tanzu ya Jumpshot ikaziuza. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa Kaspersky nchini humo, ikitaja hatari ya kampuni hiyo kuingiliwa na serikali ya Urusi, jambo ambalo kampuni ilikana. 

Kwa hiyo anayechagua asome kampuni inachukua taarifa gani, atazame bei ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi huzidi ya mwaka wa kwanza, na asiweke antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Zitagombana, na kompyuta itakwama.

Hata kinga bora hupitwa, na hapo nakala ya mafaili ndiyo huokoa. Desemba 1989, watu katika nchi nyingi walipokea kwa posta disketi zipatazo 20,000 zilizodaiwa kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshitakiwa ni Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani aliyewahi kufanya kazi Kenya. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, alitengeneza programu ya bure ya kurudisha mafaili, lakini wapo waliokuwa wamepata hofu na kufuta diski zao, kazi ya miaka ikapotea.

Waliokuwa na nakala pembeni hawakuhitaji kumlipa mtu. Hilo halijabadilika, ila virusi vya aina hiyo vya leo hufunga pia diski yoyote vinayoikuta imechomekwa. Kwa hiyo fedha iliyotengwa kwa leseni ya antivirusi inaweza kuanza kununua diski ya nje, ikachomekwa siku ya kunakili picha, vyeti na hesabu za nyumbani, kisha ikachomolewa na kuwekwa kabatini.