Miguu Isiyomtii Mwenyewe



Mtu akipita njiani akiyumba, twasema upesi: amelewa, au amerogwa. Kweli, pombe ya miaka mingi huharibu sehemu ya nyuma ya ubongo, iliyo msimamizi wa mwendo. Lakini mwenye kisukari huyumba pia, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya nyayo imekufa ganzi, na gizani hajui akanyagapo. Aanzaye kuyumba ghafula, ulimi mzito na mdomo kupinda, huenda amepatwa na kiharusi: apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee baraza la ukoo. Sanduku letu hulipa nauli ya maiti. Twaomba lilipe na nauli ya mgonjwa kama huyu.

Tena kuna konzo. Mwaka 1985 huko Tarime, Tanzania, karibu na mpaka wetu, watu walikakamaa miguu yote miwili ghafula. Wakati wa ukame walikuwa wamekula muhogo mchungu usioandaliwa vema, pasipo kitoweo cha kutosha. Miguu hiyo hairudi kuwa mizima. Muhogo huo hulowekwa siku tatu hivi, kisha huanikwa juani, hata kama watoto wanalia njaa.