SHULE YETU NA FEDHA ZAKE
Maneno ya hotuba kwa wazazi wa Meru na Embu



Nimeombwa niseme juu ya shule zetu ndogo: ni nani azitawalaye, fedha zake zatoka wapi, nasi tutajuaje kwamba kazi yake ni njema. Sikuja kumshtaki mtu. Nimekuja kuwaeleza jambo moja tu, nalo ni hili: siku hizi fedha za shule hutoka mbali, lakini macho ya kuzilinda hayana budi kuwa ya karibu, yaani macho yenu ninyi wazazi.

Mkulima wa kahawa apelekapo matunda yake kiwandani, husimama karibu na mizani, wala haondoki bila karatasi ya kilo zake. Chama kikifanya mkutano wa mwaka, huinuka akauliza kwa nini malipo yamekuwa haya na si yale. Lakini mtu huyohuyo ana watoto watatu shuleni, naye hajapata kuuliza hata siku moja shule ilipokea shilingi ngapi. Kahawa yake huipima. Ya mtoto wake huyaacha yapite. Hilo ndilo jambo linalonisumbua moyo.

TULIKOTOKA

Shule za kwanza katika nchi yetu hii zilifunguliwa na misheni: Wamethodisti huko Kaaga, Waskoti huko Chogoria, Waanglikana huko Kigari, na Wakatoliki mahali pengi. Baadaye, kwa sheria ya mwaka wa 1924, Serikali ya kikoloni iliunda Mabaraza ya Wenyeji, nayo yakapewa ruhusa ya kutoza ushuru na kutumia sehemu yake kwa elimu. Kisha, kwa sheria ya mwaka wa 1934, zikaundwa Halmashauri za Elimu za Wilaya. Mwenyekiti alikuwa D.C., na wajumbe walitoka Serikalini, katika misheni na katika Baraza la Wenyeji. Halmashauri hiyo ndiyo iliyogawa fedha za msaada kwa shule na kuamua shule ipi ifunguliwe. Hata leo ziko shule nyingi nchini Kenya zenye herufi D.E.B. katika majina yao. Hizo ni alama ya Halmashauri ile.

Nisieleweke kwamba nasifu zamani zile. Mwafrika alilipa, lakini neno la mwisho halikuwa lake. Baada ya ugomvi wa mwaka wa 1929 kati ya misheni na watu juu ya desturi ya tohara, wazazi wengi wa upande huu wa Mlima Kenya waliona heri wajenge shule zao wenyewe. Walikata miti, wakaezeka nyasi, wakawalipa walimu kwa michango yao. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, shule za namna hiyo zilifungwa, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Kadhalika taarifa ya kamati ya Askofu Beecher, iliyotolewa mwaka wa 1949 kabla hajawa askofu, ilipanga miaka minne ya shule ya chini na kisha mtihani. Watoto wengi njia yao iliishia hapo, na wazazi walinung'unika sana, maana hawakuulizwa.

Uhuru ulipokaribia mwaka wa 1963, Katiba ya Majimbo iliitoa Meru na Embu katika Mkoa wa Kati na kuzitia katika Jimbo la Mashariki. Majimbo hayakudumu, mwisho wa mwaka wa 1964 yalikwisha nguvu zake. Shule za msingi zikabaki mikononi mwa mabaraza ya wilaya. Hapo lilionekana tatizo jingine: mabaraza yalikuwa karibu na watu, lakini mifuko yake ilikuwa mitupu. Walimu katika wilaya kadhaa walikaa miezi bila mshahara. Basi mwaka wa 1967 ikaundwa Tume ya kuwaajiri walimu wote, yaani T.S.C., na tangu tarehe 1 Januari mwaka wa 1970 Serikali Kuu ikachukua shule za msingi kutoka kwa mabaraza ya wilaya, isipokuwa manispaa.

Twajifunza nini hapo? Fedha za karibu zilikuwa chache, na mwalimu alilala njaa. Fedha za Serikali Kuu zimemlipa mwalimu, wa Tharaka sawa na wa Nairobi, na hilo ni jema. Lakini fedha zilipohama, na macho nayo yakahama. Mzazi alianza kusema, "Hiyo ni mali ya Serikali." Tangu siku hiyo alipoacha kuiita yake, aliacha kuihesabu.

NENO "BURE"

Mwezi wa Januari mwaka wa 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Darasa la kwanza peke yake lilipata watoto karibu milioni moja kote nchini. Lakini shule zilikosa vyumba, zikaanza kutoza fedha za majengo, na mahali pengi fedha hizo zikaipita karo iliyoondolewa. Watoto wa maskini wakarudi nyumbani. Hapo mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukafungwa.

Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, na idadi ya watoto shuleni ikapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi. Serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na shilingi 370 za matumizi mengine, kila fungu katika akaunti yake ya benki. Kiasi hicho kimebadilika baadaye, na tangu mwaka wa 2018 Serikali yenyewe imekuwa ikinunua vitabu na kuvigawa. Lakini na tuzitumie hesabu zile za 2003 kama mfano, maana kanuni yake ni ileile.

Shule yenye watoto 800 ilipata shilingi 296,000 za matumizi mengine. Shule ndogo ya watoto 200, huko juu milimani au chini nyikani, ilipata shilingi 74,000, yaani shilingi 6,000 na kitu kwa mwezi. Kwa fedha hizo ilipaswa kumlipa mlinzi, kutengeneza dawati, kuziba bati linalovuja na kuleta maji. Lakini mlinzi wa shule ndogo hali robo ya chakula cha mlinzi wa shule kubwa! Fedha zikihesabiwa kwa vichwa, shule ndogo huumia. Kwa hivyo katika shule ndogo shilingi mia moja ikipotea, pengo lake laonekana darasani siku hiyohiyo.

Nazo zimepata kupotea. Mwaka wa 2009 ilijulikana kwamba fedha nyingi za elimu ya bure zilikuwa zimeibwa, na Uingereza na Marekani zikasimamisha misaada yao. Aliyeumia hakuwa mwizi. Alikuwa mtoto aliyeshirikiana kitabu kimoja na wenzake.

KIWANJA KIMOJA, WAKUBWA WENGI

Tazameni kiwanja cha shule ya msingi ya siku hizi. Watoto wa chekechea, kwa Katiba ya mwaka wa 2010, ni kazi ya Serikali ya Kaunti: Meru, Embu au Tharaka-Nithi. Watoto wa msingi ni kazi ya Serikali Kuu. Tangu mwaka wa 2023 wameingia pia kiwanjani watoto wa sekondari ya chini, ambao mwaka huo walitangaziwa shilingi 15,042 kila mmoja kwa mwaka. Walimu wao ni wa T.S.C. Chumba kipya labda kilijengwa kwa fedha za maendeleo za eneo la Bunge. Na kanisa lililoianzisha shule lina kiti chake kama mfadhili.

Wakubwa wakiwa wengi namna hiyo, ni rahisi kila mmoja kumwelekezea mwenziwe kidole. Choo kikibomoka, huyu husema si changu, na yule husema si changu. Mtu asiyeweza kusema hivyo ni mzazi peke yake, maana mtoto anayekitumia choo hicho ni wake.

Sheria yalijua hilo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 yataka kila shule ya umma iwe na Bodi ya Usimamizi. Katika Bodi hiyo watu sita huchaguliwa kwa niaba ya wazazi, watatu hutoka kwa mfadhili, mmoja kwa walimu, na wako wengine wa makundi maalum. Sita! Hakuna kundi jingine lenye viti vingi hivyo. Tena sheria hiyo yasema shule ya umma haitatoza ada ya masomo. Na malipo mengine yakiruhusiwa na Waziri, baada ya kushauriana na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, mtoto asifukuzwe kwa kutoyalipa.

Basi viti ni vyetu. Lakini mara nyingi siku ya uchaguzi huja wazazi wachache, nao huchagua jina lililotajwa kwanza, wakarudi shambani. Aliyechaguliwa hivyo huweka sahihi mahali alipoonyeshwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila msomaji ni karatasi tu.

TUTAJUAJE KAZI NI NJEMA?

Kwa miaka mingi, tangu 1985 hata 2023, tulipima shule kwa mtihani wa darasa la nane. Tulisikia wastani wa alama, tukashangilia au tukanuna. Lakini wastani una hila zake. Shule iliweza kuuinua kwa kuwarudisha nyuma watoto wasio wepesi, au kuwapeleka wakafanyie mtihani mahali pengine. Alama zilipanda na watoto wakapungua.

Kipimo kilicho wazi zaidi kimo katika daftari la mahudhurio. Waliingia wangapi darasa la kwanza? Wamefika wangapi darasa la sita? Walio katikati wako wapi? Katika Igembe mtatafuta wavulana katika mashamba ya miraa, na katika Mbeere katika muguka, maana fedha za kuchuma huonekana jioni ileile, na faida ya kusoma huchelewa. Katika Tharaka, mwaka wa ukame, mtatafuta watoto nyumbani kwa sababu ya njaa. Hapo sufuria ya chakula cha mchana yafanya kazi kuliko fimbo. Nao wasichana waliotoweka, ulizeni sababu bila kuona haya. Daftari hilo huonyesha ugonjwa miaka mitano kabla ya mtihani kuuonyesha.

MAMBO MATATU YA KUFANYA

Kwanza, mwanzo wa kila muhula mwombeni Mwalimu Mkuu, kwa heshima, abandike ukutani fedha zilizopokelewa, tarehe zilipofika, na jinsi zilivyotumika. Mwalimu mwaminifu atafurahi, maana karatasi hiyo humlinda na masengenyo. Na kama fedha hazijafika, karatasi itaonyesha hivyo, nanyi mtajua lawama ipelekwe wapi.

Pili, mkitoa mchango wowote, hata wa shilingi hamsini, msiondoke bila risiti. Anayeomba risiti hamtukani mtu; hata kiwandani hufanya hivyo.

Tatu, siku ya kuchagua Bodi njooni wote, baba na mama. Msichague mwenye sauti kubwa, bali mwenye subira ya kusoma hesabu. Na akina mama wasiachwe kupika chai tu siku hiyo. Wao ndio wajuao siku gani mtoto alirudi nyumbani bila kufundishwa.

Mabibi na Mabwana, wazee wetu walijenga shule kwa miti na nyasi, wakazilipia, na hawakuwa na neno katika uamuzi. Sisi leo twapewa fedha, na sheria imetupa neno. Ikiwa tutanyamaza, tutawaambia nini wale waliofungiwa shule zao mwaka wa 1952? Shule haiwi yetu kwa kuwa imo katika kijiji chetu. Huwa yetu siku tunapojua hesabu yake kama tujuavyo kilo za kahawa yetu.