Kupanga Bei ya Kazi za Ukili: Ujira wa Msukaji Uko Wapi?

Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya wasukaji na maofisa maendeleo ya jamii, Mkoa wa Pwani

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kupanga bei ya bidhaa za mikono ili ziuzwe kwa faida. Kazi za mikono ni nyingi: kuna vinyago vya Mwenge, vikapu vya milulu vya Iringa, vyungu, batiki. Mimi nitabaki kwenye ukili, yaani mikeka, misala, makawa na mikoba, kwa kuwa ndiyo kazi ya wengi mliomo humu na ndiyo ninayoifahamu. Wa kazi nyingine watajipimia wenyewe.

2.0 Istilahi

Haya mnayajua, nitayapitia haraka. Gharama za malighafi ni fedha inayoingia ndani ya bidhaa yenyewe: ukindu au miyaa, rangi, kuni za kuchemshia, uzi, kitambaa cha bitana, zipu, mikono ya ngozi. Gharama za uendeshaji ni zile zinazogawanywa kwa bidhaa nyingi: nauli, pango, vocha, ushuru. Bei ya jumla ni ya anayenunua ili akauze. Ya rejareja ni ya anayenunua akatumie. Faida ni kinachobaki baada ya gharama zote kulipwa.

Neno "zote" ndilo lililonileta hapa. Mengine yamo katika kabrasha mlilogawiwa asubuhi.

3.0 Gharama isiyoandikwa

3.1 Hesabu ya mkoba mmoja

Tuchukue mkoba mkubwa wa ukili, wenye bitana ya kitenge na mikono ya ngozi. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, kila kikundi kiweke za kwake. Ukindu shilingi 3,000. Rangi na kuni 1,000. Uzi 500. Bitana na zipu 2,500. Mikono ya ngozi 4,000. Jumla 11,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni 20,000, na safari moja inabeba mikoba 20, kwa hiyo kila mkoba unabeba 1,000. Tumefika 12,000. Mkoba unauzwa 15,000, na katika daftari la kikundi panaandikwa: faida 3,000. Kikao kinapiga makofi.

Sasa tuufumue huo mkoba. Kuchana ukindu, kutoa uti na kuchemsha rangi: saa 2, bila kuhesabu siku za kuanika. Ukili wa kutosha mkoba huo ni kama pima sita, na pima moja ya ukili mwembamba humchukua msukaji mzoefu saa moja na nusu: saa 9. Kushona: saa 2. Kutia bitana, zipu na mikono: saa 1. Jumla saa 14. Gawa ile 3,000 kwa 14, unapata shilingi 214 kwa saa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Msukaji akifanya kazi saa hizo zote atamaliza mikoba mitatu, na wa nne atakuwa ameuanza tu. Mitatu ni shilingi 9,000 kwa wiki nzima. Ndiyo sababu nasema ile 3,000 si faida. Ni ujira, tena ujira mdogo, ulioandikwa kwenye mstari wa faida. Faida yenyewe haipo.

3.2 Majibu ninayopewa

Kila ninapoileta hesabu hii vijijini, napewa majibu ambayo sasa nayajua kabla hayajasemwa. Nilimuuliza bibi mmoja mkeka wake umemchukua muda gani. Alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, anaupima ukili kwa mikono miwili kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Hakuacha kupima. "Muda, mwanangu? Si wa Mungu?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka.

Jibu la pili ni hili: nasuka jioni, kazi za shamba na za jikoni zimekwisha, mikono ingekaa bure. La tatu: ukindu sinunui, nafuata mwenyewe bondeni.

Sitaki tuyapuuze majibu haya, hasa la pili. Kwa mtu mmoja mmoja lina ukweli. Kama jioni ile hakuna kazi nyingine inayolipa, shilingi 214 ni afadhali kuliko kukosa kabisa, na mama huyo si mjinga hata kidogo. Ameipima hali yake vizuri kuliko wataalamu wengi. Shida inaanza mkeka wake unapofika sokoni na kuwekwa kando ya mkeka wa mwenzake anayeishi kwa kusuka peke yake, asiye na shamba, mwenye kulipa ada na dawa kwa fedha ya ukili. Mnunuzi haoni tofauti. Anachukua wa bei ya chini, na yule mwingine analazimika kushuka. Hivyo bei ya soko zima inapangwa na yule asiyehesabu saa zake.

Ukindu wa bondeni nao una bei yake. Mkindu huota kwenye maji, mabondeni na kandokando ya mito. Kutembea, kukata makuti machanga, kuyafunga na kuyabeba kichwani ni nusu siku. Aliyenunua kaandika 3,000. Aliyefuata mwenyewe kaandika sifuri, halafu anasema ana unafuu.

3.3 Siku oda inapokuja

Ujira huu uliofichwa huweza kukaa miaka bila kuonekana, mpaka siku kikundi kinapopata oda kubwa. Mwenye duka anataka mikoba 200 kwa miezi miwili, kwa bei ileile ya 15,000. Furaha, dua, picha inapigwa. Mikoba 200 ni saa 2,800. Wanachama 12 wenye mashamba na watoto hawazimalizi, inabidi waitwe wasukaji wa nje. Hao hawasuki kwa shilingi 214 kwa saa, kwa sababu si jioni yao, ni kibarua. Wanataka kulipwa kama kibarua wa palizi, na wana haki. Hapo ndipo kikundi kinapotambua kwamba kwenye bei yake hakuna fedha ya kumlipa mtu yeyote. Mikoba inachelewa, au inasukwa ovyo, chane pana zimechanganywa na nyembamba na rangi inatoka. Oda ya pili haiji, na kijijini panasemwa wanunuzi wa mjini si waaminifu.

Na vijana? Tunalalamika kwamba mabinti hawataki kurithi ukili. Wanaona mama anavyoinama na wanaona anachopata. Hesabu wameshaipiga bila kuhudhuria semina.

3.4 Sehemu yetu sisi wa ofisini

Naomba niseme kwa tahadhari, maana wengine tumetoka ofisi zinazofanana. Vikundi vingi vilivyomo humu vinaomba mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Andiko la mradi linadaiwa, na kwenye andiko kuna jedwali la mapato na matumizi. Majedwali niliyoyaona mengi yana mstari wa malighafi, usafiri, pango, hata "dharura". Mstari wa ujira wa mzalishaji haumo. Mama akiuongeza mwenyewe, mradi wake unaonekana una faida ndogo kuliko wa jirani, na anaambiwa akapunguze gharama. Sisemi fomu hiyo ni ya wapi. Nasema tu kwamba nimeshaliandikia hilo jambo zaidi ya mara moja, na barua imepokewa.

Maonyesho nayo yana lake. Mfadhili akilipa nauli, malazi na banda la Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, washiriki hushusha bei kwa kuwa safari haikuwagharimu kitu. Mkoba unauzwa 13,000. Mnunuzi anaondoka na mkoba na namba ya simu, na mwezi Oktoba anapiga akitaka mikoba mingine kwa 13,000, iliyopelekwa mpaka mlangoni kwake. Mfadhili hayupo tena kwenye simu hiyo.

3.5 Bei inayostahili

Turudi kwenye mkoba wetu. Tuseme kibarua kijijini kwenu hulipwa 6,000 kwa saa 6, yaani 1,000 kwa saa. Saa 14 ni 14,000. Ongeza zile gharama 12,000, unapata 26,000. Hiyo ndiyo gharama yenu. Chini yake mnatoa sadaka. Weka asilimia 15 ya faida ya kikundi, ambayo ni 3,900, ije kununua ukindu wa msimu ujao na sindano zilizovunjika. Inakuwa 29,900, sema 30,000. Hiyo ni bei ya jumla. Mwenye duka la zawadi, mwenye pango, mishahara na kodi zake, kwa kawaida atauuza mkoba kwa mara mbili ya hapo, na tusimwite mnyonyaji kwa hilo. Nanyi mkiuza rejareja wenyewe kwenye maonyesho, msiuze kwa bei ya jumla mkamharibia anayewanunulia mwaka mzima.

Najua kinachofuata: "Mwalimu, 30,000 hakuna wa kununua." Inawezekana. Basi kipunguzwe kilichomo ndani ya mkoba, siyo ujira wa aliyeusuka. Chane zikiwa pana kidogo, pima inasukwa kwa saa moja badala ya moja na nusu. Pima sita zinaokoa saa 3. Kazi inakuwa saa 11, gharama inashuka hadi 23,000, na pamoja na faida bei ni 26,450. Mikono ya ngozi ikinunuliwa kwa jumla itashuka zaidi. Ikiwa ya ukili wenyewe, ile 4,000 inaondoka, ingawa mtaongeza muda kidogo. Na kama mikoba bado haiuziki, msiitengeneze kwa biashara. Sukeni hiyo ya nyumbani na ya kumpa mwali, na soko lipewe kitu kingine.

4.0 Mali kauli

Nilitengewa sehemu kubwa kwa jambo hili, lakini muda umekwenda. Dukani mnaacha mikoba 10 kwa mali kauli, ikiuzwa ndipo mlipwe. Katika mfano wetu, fedha taslimu mliyoifungia humo ni 120,000, na ujira juu yake. Miezi inapita, mtaji unakata, ukindu wa msimu mnakosa cha kununulia. Mkoba uliofifia rangi dirishani unarudishwa kwenu. Mali kauli si haramu, ila bei yake haiwezi kuwa sawa na ya anayelipa papo hapo.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, kila kikundi kiwe na karatasi ya saa. Mwanachama aandike, au mtoto wa shule amwandikie, saa za kila hatua kwa bidhaa tatu za aina moja, kisha zitafutwe wastani. Simu zote zina saa, hata za tochi.

Pili, kikundi kikubaliane kiwango cha ujira kwa saa kulingana na kibarua cha kijiji hicho. Msingoje kiwango kutoka wizarani wala msiige cha kikundi cha jirani.

Tatu, ujira uandikwe kwenye mstari wake. Usichanganywe na faida. Nimelisema, na nitalirudia kesho.

Nne, ukindu wa kufuata bondeni uandikwe kwa bei ya kununua.

Tano, vikundi vya kata moja vikubaliane bei ya chini ya jumla kwa mkeka, msala na mkoba wa kiwango kimoja. Hili ni gumu kuliko yote, kwa kuwa yule bibi wa barazani hayumo kwenye kikundi chochote. Aendewe na viongozi wa kikundi, kwa heshima, na ikibidi kikundi kimnunulie ukili kwa pima kwa bei inayolipa saa zake. Hilo linawezekana: ukili huuzika kwa pima kabla haujashonwa.

Sita, halmashauri ziongeze mstari wa ujira wa mzalishaji kwenye jedwali la andiko la mradi, na maofisa wanaopitia maandiko waelekezwe kwamba mradi wenye mstari huo si dhaifu, ni mkweli. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mikoani na lina uzoefu wa kufundisha; liombwe lishirikiane nasi kwenye jedwali hilo.

Saba, anayefadhili maonyesho adai orodha ya bei iliyokokotolewa pamoja na nauli na banda, hata kama yeye ndiye anayelipa.

Nane, oda inayozidi nguvu ya wanachama isipokewe kabla ya kukokotoa fedha ya wasukaji wa nje. Idaiwe nusu ya malipo mwanzoni.

Tisa, mali kauli iwe kwa maandishi: idadi, bei, tarehe ya mwisho ya kulipa, na nani anabeba hasara ya iliyochakaa. Bei yake iwe juu ya ile ya taslimu.

Kumi, bidhaa isiyolipa saa zake ibadilishwe au iachwe. Msishushe ujira. Hili nalo nimelisema.

Ndugu viongozi, naomba moja litekelezwe kabla hatujaagana. Kesho kutwa asubuhi kila kikundi kije na bidhaa moja na karatasi yenye saa zake, hatua kwa hatua, bila kukisia. Karatasi tupu ziko kwa katibu wa semina, mezani karibu na mlango.