Kadi ya Kunasia Video na Mzigo wa Prosesa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walaji katika semina ya elimu kwa umma



Mada niliyopewa yahusu kifaa kidogo ambacho siku hizi huuzwa karibu katika kila duka la kompyuta: kadi ya kunasia video. Kazi yake ni kupokea picha na sauti kutoka kwenye deki, kamera au mashine ya michezo, na kuziingiza katika kompyuta ili zihifadhiwe au zirushwe mubashara. Wanunuzi wake si mafundi peke yao. Wamo wenye kanda za VHS za harusi na za wazee waliokwisha kututangulia. Zimo pia kamati za misikiti na makanisa zinazorusha ibada kwa waumini walio mbali.

Malalamiko ya wanunuzi hao hufanana. Picha hurukaruka, sauti huachana na midomo, feni ya kompyuta huvuma kama mashine ya kukoboa. Mara nyingi muuzaji hujibu kwamba kompyuta ni dhaifu, inunuliwe nyingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyetoa fedha haoni uzito wake. Jibu hilo laweza kuwa la kweli, nalo laweza kuwa si la kweli. Nataka mlaji aweze kulipima mwenyewe kabla ya kufungua pochi.

Tuanze kwa kutambua kwamba kunasa video ni kazi tatu, wala si moja: kupokea picha, kuionyesha kwenye skrini, na kuibana ili ihifadhiwe. Kila moja yaweza kufanywa na prosesa ya kompyuta au na kifaa kingine. Mzigo wa prosesa hutegemea nani amepewa kazi ipi.

Kupokea picha

Picha ya nukta 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, ikipitishwa bila kubanwa kwa baiti 2 kwa kila nukta, huhitaji takriban megabaiti 124 kila sekunde, yaani karibu megabiti 1,000. Njia ya USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480, na katika matumizi halisi haifikii hata hapo. Kwa hiyo kadi ya USB 2.0 hulazimika kuibana picha kwanza, aghalabu kwa mtindo wa MJPEG, kisha kompyuta huifumua fremu moja baada ya nyingine. Kufumua huko ni mzigo. Kadi ya USB 3.0, ambayo njia yake ni ya megabiti 5,000, yaweza kupitisha picha ghafi na kuiondolea kompyuta kazi hiyo.

Hata hivyo, kanda ya VHS ya mfumo wa PAL hunaswa kwa nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Hizo ni kama megabaiti 21 kwa sekunde, nazo hupita katika USB 2.0 bila taabu. Mwenye kanda za zamani hana sababu ya kulipia kadi ya kasi kubwa.

Kuonyesha picha

Hapa ndipo wengi hupoteza nguvu za kompyuta pasipo kujua. Video hubeba mwanga na rangi kwa mafungu tofauti, ilhali skrini hutaka nyekundu, kijani na buluu. Lazima picha igeuzwe rangi, kisha ikuzwe au ipunguzwe kulingana na dirisha. Kazi hiyo ikiachiwa prosesa, huila sehemu kubwa ya nguvu zake.

Katika Windows zimekuwapo njia kadhaa za kuihamishia kwenye prosesa ya grafiki. Ya zamani, iitwayo Overlay, huiachia kadi ya grafiki iichore picha katika tabaka lake yenyewe. Ni nyepesi sana, lakini kwa kawaida hubeba picha moja tu kwa wakati mmoja, na ukipiga picha ya skrini huenda ukaona dirisha jeusi. VMR-7 ilikuja na Windows XP mwaka 2001. Baadaye ikafuata VMR-9 pamoja na DirectX 9, inayotumia sehemu ya grafiki iliyokusudiwa michoro ya pande tatu. EVR ilianza na Windows Vista, nayo hushirikiana vizuri zaidi na grafiki hata katika kufumua video.

Maana yake kwa mlaji ni hii: kadi ileile, katika kompyuta ileile, yaweza kuonyesha mizigo tofauti kwa kubadilisha chaguo moja tu katika mipangilio. Programu kama MPC-HC humwachia mtumiaji achague. Kwenye kompyuta ya miaka ya karibuni, anza na EVR. Kwenye kompyuta kuukuu yenye grafiki dhaifu, jaribu pia VMR-7 au Overlay, kisha linganisha. Programu ya OBS huchora kwa prosesa ya grafiki moja kwa moja, lakini nayo huruhusu kuzima dirisha la kutazamia wakati wa kurekodi.

Kubana picha

Kazi hii kwa kawaida ndiyo nzito kuliko zote. Ukibana kwa mtindo wa H.264 kupitia programu ya x264, prosesa ndiyo inayofanya kila kitu, na kadiri unavyochagua mpangilio wa polepole ndivyo mzigo unavyoongezeka. Lakini prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina sehemu maalumu ya kubana video iitwayo Quick Sync, na kadi nyingi za NVIDIA tangu 2012 zina NVENC. Sehemu hizo huipumzisha prosesa. Gharama yake ni kwamba, hasa katika vizazi vya mwanzo, ubora huwa pungufu kidogo kwa faili la ukubwa uleule. Angalieni pia: prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync.

Namna ya kupima

Chomeka kompyuta mpakato kwenye umeme, kwa kuwa ikitumia betri huweza kujipunguzia kasi. Funga programu nyingine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Kisha fanya majaribio manne ya dakika tano tano: kutazama tu; kutazama kwa njia nyingine ya kuchora; kurekodi kwa kubana kwa prosesa; na kurekodi kwa Quick Sync au NVENC. Badilisha jambo moja tu kila mara, na uandike matokeo.

Usiridhike na asilimia ya jumla. Prosesa yenye viini vinne yaweza kuonyesha asilimia 25 ilhali kiini kimoja kimejaa kabisa na picha inakatika. Fungua mchoro unaoonyesha kila kiini peke yake.

Wenye OBS watazame ukurasa wa takwimu. Programu hiyo hutenganisha fremu zilizopotea kwa kuchelewa kuchora, kwa kuchelewa kubana, na kwa udhaifu wa mtandao. Zikipotea kwa mtandao, kompyuta mpya haitakusaidia kitu.

Msidhani kwamba hasara ni ndogo. Saa moja ya PAL ina fremu 90,000. Ikipotea asilimia moja tu, zimekwenda fremu 900, sawa na sekunde 36 za kumbukumbu. Na kanda ya sumaku huchakaa kila ichezwapo. Haifai kuirudia mara kwa mara kwa sababu ya mipangilio mibaya. Jaribuni kwanza kwa kanda msiyoihitaji.

Haki yako dukani

Ziko kadi ambazo kasha lake limeandikwa 4K, kumbe maana yake ni kwamba hupokea mawimbi ya 4K, lakini hurekodi kwa 1080 pekee. Ziko pia zenye plagi ya buluu kama ya USB 3.0, ndani zikiwa USB 2.0. Kwa hiyo ulizeni maswali matatu: inarekodi kwa ukubwa gani na fremu ngapi, inapitisha picha ghafi au iliyobanwa, inabana yenyewe au huitegemea kompyuta? Ombeni majibu yaandikwe kwenye risiti, na ikiwezekana jaribuni dukani kwa kompyuta yenu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Risiti, kasha na matokeo ya majaribio yenu ndiyo ushahidi. Vitunzeni.