Kampuni Kabla ya Mpangaji

Ninyi mlioko Marekani, ambao kwa jasho la miaka mingi katika hospitali, maghala na njia ndefu za malori mmejaliwa kununua nyumba ya kupangisha, leo nataka kunena juu ya swali ambalo aghalabu huulizwa likiwa limekwisha kuchelewa: ni wakati gani yampasa mwenye nyumba kuiandikisha milki yake kwa jina la kampuni ya dhima yenye kikomo, ile ambayo huko huitwa LLC?

Kampuni ya namna hii si ya kale. Jimbo la Wyoming ndilo lililotangulia kuitungia sheria, mwaka 1977, na majimbo mengine yalisitasita hata mwaka 1988, idara ya kodi ya serikali kuu ilipoeleza jinsi itakavyoihesabu, ndipo yakafuata kwa wingi. Asili ya faida yake ni hii, kwamba mali ya kampuni husimama mbali na mali ya mwenyewe, na mwenye kuidai kampuni hukomea katika mali ya kampuni.

Tuchukue nyumba ya mbao katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, ambayo kidato kimoja cha ngazi yake ya nyuma kimeoza chini ya rangi mpya. Mpangaji anashuka alfajiri kwenda kazini, kidato kinakatika, naye anavunjika nyonga. Wakili wake atafungua hati ya nyumba kutazama jina, na likiwa ni jina lako, madai yanaweza kuvuka nyumba ile yakafikia akiba uliyowawekea watoto. Jina likiwa la kampuni, yatakomea hapo. Isipokuwa, na jambo hili wengi hawaambiwi, kama ni wewe mwenyewe uliyekipaka rangi kidato kile ukijua kimeoza, kwani kosa la mkono wako utaulizwa wewe, kampuni iwepo isiwepo.

Kwa sababu hiyo naitanguliza bima. Mwenye nyumba moja na akiba ndogo atapata sitara kubwa zaidi katika bima nzuri ya mpangishaji, pamoja na bima ya ziada ya madai makubwa, kwa maana bima humlipa wakili wa kukutetea na kumlipa aliyeumia, ilhali kampuni huweka mpaka tu.

Kisha kuna rehani. Mikataba mingi ya mikopo ya nyumba ina sharti kwamba hati ikihamishwa, benki yaweza kudai deni lote mara moja, na sheria ya mwaka 1982 inayowalinda warithi na wengineo dhidi ya sharti hilo haikuitaja kampuni. Mikopo iliyonunuliwa na Fannie Mae, shirika linunualo mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, tangu tarehe 1 Juni 2016 imepewa nafuu, maadamu kampuni i mikononi mwa mkopaji yule yule; lakini mikopo si yote ya Fannie Mae, kwa hiyo ulizeni, na jibu liwe kwa maandishi.

Wala msidanganywe kwamba kampuni ya mtu mmoja hupunguza kodi ya serikali kuu. Mapato ya pango huandikwa katika hesabu zako vile vile kama kwanza. Gharama, hata hivyo, huongezeka. California hutoza dola 800 kila mwaka, upate faida usipate, na kwa nyumba inayokuachia dola 200 kwa mwezi hiyo ni theluthi ya jasho lako.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mwenye nyumba moja iliyo katika mkopo wa kawaida atosheke kwanza na bima. Lakini anayenunua kwa fedha taslimu, au aliyekwisha kuwa na mali nyingine ya kupoteza, na zaidi ya wote anayenunua pamoja na ndugu au rafiki, aunde kampuni kabla ya kununua. Ndugu wawili wa kwetu hununua nyumba kwa kuaminiana tu, bila waraka, na mmoja akifariki au akitaka fungu lake, nyumba huwa fitina. Mkataba wa kampuni ungalieleza mapema nani ana fungu gani na nani ana neno la mwisho.

Na ikiisha kuundwa, iheshimiwe: iwe na akaunti yake, mkataba wa pango na bima viwe kwa jina lake, na kodi ya mpangaji isinunulie unga wa nyumbani, kwani mahakama ikiona mifuko miwili imekuwa mmoja yaweza kuipuuza kampuni. Vivyo hivyo, kuhamisha hati baada ya mpangaji kuanguka huweza kuhesabiwa kuwa ni kuficha mali, na hakimu ana uwezo wa kuubatilisha uhamisho huo. Nawasihi, wasikilizaji, mwoneni wakili wa jimbo lenu kabla ya kumkabidhi mpangaji ufunguo.