Mwalimu wa Bodi Alipwe Hata Shule Zikifungwa

  

 Mwenyekiti aliponipigia simu na kunieleza kwamba harambee ya leo si ya kujenga darasa wala kununua basi, ni ya mfuko wa kuwalipa walimu wa bodi siku shule zikifungwa tena, nilikubali kabla hajamaliza maneno yake. Kabla sijastaafu, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila shule ya kaunti ndogo hii ina walimu. Ni kazi ngumu hata miaka ya kawaida. Mwaka wa 2020 na 2021 ilikuwa kazi ya kukosesha usingizi, na ndiyo nitakayoizungumzia leo, kwa sababu naona watu wameanza kuisahau na shida yenyewe hatujaitatua.

Tukumbushane kidogo. Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe: wa kutwa wasije Jumatatu, wa bweni wawe wamefika kwao kufikia Jumatano. Walimu waliacha madaftari juu ya meza bila kusahihishwa, wakiamini watarudi baada ya wiki chache. Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, Mungu amrehemu, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Waliobaki walirudi tarehe 4 Januari 2021.

Katika miezi hiyo yote, mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, aliendelea kupokea mshahara, na ilikuwa haki yake. Lakini nyote mnajua kwamba katika shule zetu yuko mwalimu mwingine, yule wa bodi, au BOM. Bodi ya shule humwajiri kwa sababu nafasi ipo na TSC haijaleta mtu. Anafundisha vipindi vile vile, anasahihisha mitihani ile ile, na watoto hawajui tofauti yake na mwenzake wa meza ya pili. Tofauti iko kwenye malipo tu, maana yeye hulipwa kwa karo na michango ya wazazi. Shule zilipofungwa karo ilikoma, na karo ilipokoma mshahara wake ulikoma mwezi ule ule. Wengi hawakuwa hata na barua ya kazi ya kuwaonyesha watu kwamba waliwahi kuajiriwa. Walimu wa shule za kibinafsi yaliwapata hayo hayo. Kule Mwea, Kirinyaga, iko shule ya kibinafsi ambayo madarasa yake yaligeuzwa banda la kuku na uwanja wake ukapandwa mboga. Habari zake zilifika hadi ng'ambo.

Hapa kwetu namkumbuka mwalimu mmoja wa hesabu wa shule ya msingi. Aprili hiyo alianza kukaanga viazi karai kando ya barabara, na wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wake. Jioni moja nilipita pale nikamkuta mvulana wa Darasa la Saba amemletea hesabu ya sehemu iliyomshinda. Mwalimu alipangusa mafuta mikononi, akachukua kipande cha gazeti la kufungia viazi, akamwandikia hatua zote hadi jibu, kisha akamfungia viazi vyake kwenye kipande kingine. Watu wawili nyuma ya yule mvulana walisubiri kimya hadi hesabu ikamalizika. Kwa miezi tisa hakuna aliyemlipa senti moja kwa ualimu wake, naye hakuacha kuwa mwalimu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Najiuliza sisi tulimfaa nini mwalimu yule.

Sasa tuje Januari 2021, maana hapo ndipo hesabu ilipotugeukia. Mwongozo ulisema mtoto na mtoto watengane mita moja na nusu. Darasa lililozoea kubana watoto 60 au 70 lilitakiwa ligawanywe mara mbili, pengine tatu, na kila kipande kinahitaji mwalimu. Baadhi ya shule za kibinafsi hazikufungua tena, na watoto wao wakaja kwetu. Kwa maneno mengine, tulihitaji walimu wengi kuliko wakati wowote, na wakati huo huo tulikuwa nao wachache kuliko Machi ya mwaka uliotangulia. Mwalimu wa bodi aliyepata kibanda chake cha M-Pesa hakuona sababu ya kukiacha arudi kwenye mshahara ambao haujulikani utakuja lini. Mwingine alikuwa akiendesha boda boda. Wapo mabinti waliokuwa wameshasafiri kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wenye vyeti vya ualimu ndani ya sanduku. Na waliokuwepo nao hawakuwa na uhakika wa kesho: mwalimu akithibitishwa kuwa na korona, wenzake waliokaa naye ofisini waliambiwa wakae nyumbani siku 14, na shule ndogo yenye walimu wanane ilibaki na watano.

Mnaniuliza tulipitaje? Tulipita kwa mikono ya watu waliokuwepo. Walimu wakuu wengi waliiacha ofisi wakashika chaki. Niliona mwalimu mmoja akiwaandikia Darasa la Tano zoezi ubaoni, kisha anatoka nje kuwasomea Darasa la Sita chini ya mkorosho, ubao umeegemezwa kwenye shina, barakoa imelowa jasho, na upepo wa bahari unachukua nusu ya maneno yake. Baada ya dakika 20 anarudi ndani kusahihisha. Mlinzi wa lango ndiye aliyeshika kipimajoto kila asubuhi. Mpishi alisimama kwenye kibuyu chirizi kuhakikisha kila mtoto amenawa kwa sabuni kabla ya kupata uji. Kazi hizo hazikuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote. Vipindi vya redio vya taasisi ya mitaala, KICD, kupitia shirika la utangazaji, KBC, vilisaidia pale penye redio na betri, ingawa redio haiwezi kumsahihishia mtoto daftari wala kumwona anayesinzia kwa njaa.

Walimu wastaafu walijitokeza, wengine wakaja hadi ofisini kwangu kujitolea. Niliwashukuru nikawaomba warudi nyumbani. Ugonjwa ule ulikuwa ukiwachukua wazee na wenye kisukari na shinikizo la damu kuliko wengine. Kumweka mzee wa miaka 67 mbele ya watoto 60 ili tu ratiba ijae ni jambo nililoliona halifai, na hadi leo naliona halifai. Mtu akishatumikia taifa miaka 35 hatumlipi kwa kumpeleka penye hatari.

Wako wanaosema tulihangaika kwa sababu sisi ni maskini. Si kweli. Septemba 2021, jimbo la Massachusetts kule Marekani lilikosa madereva wa kuwapeleka watoto shuleni, gavana akawaweka tayari wanajeshi wapatao 250 wa Ulinzi wa Taifa wafanye kazi hiyo. Januari 2022, jimbo la New Mexico liliwaomba wanajeshi na watumishi wa serikali waingie madarasani kushika nafasi za walimu waliougua, na Gavana Michelle Lujan Grisham mwenyewe akaenda kufundisha watoto wa chekechea mjini Santa Fe. Nchi yenye fedha zote zile! Na kwa jirani zetu Uganda, shule zilikaa zimefungwa, kabisa au kwa sehemu, karibu miaka miwili hadi zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na walimu wengi walikuwa wameshashika kazi nyingine. Mwalimu ambaye hajalipwa kwa miaka miwili hamwezi kumwita kwa kengele.

Lakini kati ya New Mexico na sisi kuna tofauti kubwa moja, na ndiyo iliyonifanya nije leo. Wenzetu walikosa watu. Sisi watu tunao. Hakuna kijiji katika kaunti ndogo hii kisicho na kijana mwenye cheti cha P1 au diploma ya ualimu, ana namba ya TSC, na anasubiri kuajiriwa mwaka wa tano, wa saba, wa kumi. Mei 2020 serikali ilitangaza shilingi bilioni 6.5 kwa elimu, na ndani yake ahadi ya kuajiri walimu 10,000. Tulishukuru. Lakini uliendelea mtindo wa kuwaita walimu waliofuzu "wanagenzi" na kuwalipa posho, hadi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema kumpa mwalimu mwenye leseni kazi ya uanagenzi ni kinyume cha sheria. Baada ya migomo na mabishano mengi, makumi ya maelfu ya walimu wa sekondari msingi wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu mwaka wa 2025. Iliwezekana. Ingewezekana mapema zaidi, na watoto wa 2021 wangekuwa na mtu mbele yao.

Serikali tutaendelea kuikumbusha wajibu wake. Lakini janga halisubiri bajeti, na yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu hapa hapa. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo yetu, naomba kila chifu alete majina ya walimu waliofuzu na hawana kazi katika lokesheni yake, masomo wanayofundisha na namba zao za simu, na daftari hilo likae ofisini kwako lifanyiwe marekebisho kila muhula. Miaka ile ya korona nilikuwa nikimtafuta mwalimu wa sayansi kwa kuuliza msikitini na kanisani. Walimu wakuu na wenyeviti wa bodi, mpeni kila mwalimu wa bodi barua ya kazi yenye sahihi na muhuri. Mtu mwenye barua anaweza kukopa kwenye chama, na anaweza kudai haki yake.

Na mfuko wenyewe nauombea masharti mawili. Kwanza, uwe na akaunti yake peke yake, sahihi tatu, mojawapo ya mwakilishi wa walimu wa bodi wenyewe. Fedha hizi zisiguswe kwa ajili ya kupaka rangi wala kwa safari ya michezo, hata kama sababu ni nzuri kiasi gani. Pili, shule zikifungwa kwa amri ya serikali, iwe kwa maradhi au mafuriko, mwalimu wa bodi apokee angalau nusu ya mshahara wake kila mwezi, bila kuombaomba.

Najua kuna mzazi pale nyuma anayejiuliza: nimlipe mwalimu ambaye hafundishi, kwa nini? Swali lako ni la haki, mama, na nitakujibu. Unamlipa ili siku kengele itakapolia awepo. Mtoto wako akirudi baada ya miezi tisa, kasahau kugawanya, kasahau hata kukaa kitako, utamtaka mtu anayemjua kwa jina na anayejua alipoachia. Kumtafuta mwalimu mpya na kumzoesha huchukua muhula mzima, na muhula huo ndio mtoto anaopoteza. Wale wa 2021 walisoma mihula iliyobanwa hadi kalenda ikarejea kawaida Januari 2023. Wengine hawakupata nafasi ya kufidia walichokosa, na leo wako kwenye vyuo na makazini na pengo hilo.

Nimeleta mchango wangu na wa wastaafu wenzangu katika bahasha hii, na tumekubaliana kutoa kila mwaka, si leo tu. Naikabidhi kwa mweka hazina mbele yenu, aihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie.

Mwenyekiti, kwa heshima uliyonipa, natangaza harambee ya Mfuko wa Walimu wa Bodi imefunguliwa rasmi. Mwenye shilingi mia asione haya, mwenye kuku amlete, na karani aandike kila jina.