Dumu hili lilikuwa na nini?

Ndugu wasikilizaji, nyumba gani haina dumu? Mafuta ya kupikia yakiisha, dumu halitupwi. Hupewa kazi nyingine. Na mpiga kasia wa Ziwa Tanganyika, awe mvuvi au kijana wa mjini aliyekwenda kutembea, hulihitaji sana, kwani jua la ziwani ni kali na kasia hutoa jasho.

Wapo wasemao, "Ya nini kubeba maji, na maji yametuzunguka?" Hao wakumbuke Kagunga, mkoani Kigoma. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji hicho kilicho kando ya ziwa, kipindupindu kikazuka na kuua watu wapatao 30. Maji ya ziwa yaweza kung'aa na bado yakawa na vijidudu.

Basi tubebe maji, lakini kwanza tuulize: dumu hili lilikuwa na nini? Dumu la petroli, la dawa ya wadudu au la asidi ya betri halisafishiki. Plastiki hufyonza sumu, kisha huirudisha kidogo kidogo ndani ya maji. Kwisha kwa harufu si kwisha kwa sumu. Dumu kuukuu la sokoni ambalo hata muuzaji hajui lilikotoka, lisitiwe maji ya kunywa. Chukua lile ulilolimaliza mwenyewe jikoni.

Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, pamoja na mfuniko wake. Kisha tia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato. Litikise nusu dakika, mwaga, suuza. Ndipo utie maji yaliyochemshwa na kupoa. Wakati wa kunywa, mimina; usichovye kikombe.

Lita 20 ni kilo 20, na mtumbwi ni mwembamba. Afadhali madumu madogo ya lita tano, yalazwe chini katikati na kufungwa kamba. Moja likivuja, lingine lipo. Usijaze mpaka mdomoni. Hewa kidogo italisaidia kuelea likianguka.

Ndugu zangu, dumu la bure laweza kuwa ghali kuliko mtumbwi wenyewe. Tuulize kabla ya kujaza. Hadi wiki ijayo, kwaherini.